Karanga Kwenye Dishi la Luka

Loisi wa Chamwino alikuwa mtu wa kukataa. Redio iliposema watu wamekwenda mwezini wakarudi salama, aliuliza swali moja tu: walipofika huko walipokewa na nani? Hakuna aliyemjibu, na kwake mambo yakaishia hapo.

Sasa, mwaka wa tisini na sita, biashara zilipokuwa zimefunguliwa na kila aina ya kitu kinaingia nchini, mwanawe Luka, fundi redio mjini Dodoma, alimletea televisheni ndogo isiyo na rangi, jenereta, na dishi la bati pana kama kitanda. Alilipata kwenye mnada wa mradi mmoja uliofunga virago. Akalipandisha juu ya tembe la mama yake, maana paa la udongo ni bapa, halina mteremko, akaongeza na nguzo mbili ndani ili lisije likawaangukia.

"Hili linazungumza na chombo kilichoko angani, mama."

"Huko angani kimeshikwa na nini?"

"Hakijashikwa na kitu."

"Basi kitaanguka," Loisi akasema, akaendelea kupepeta mtama.

Watu walipokuja kutazama, yeye alikaa nje. Alisema mle sandukuni hamna mtu, ni vivuli vya watu wanaolipwa kudanganya. Shemeji yake Bartolomayo, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa anamtania kila Jumapili: "Shemeji, ingia uone wenzako walioendelea." Naye anajibu, "Waendelee, nami nipo."

Lakini lipo jambo moja ambalo Loisi hakulikataa, na hilo ndilo lililomkalia moyoni miaka sita. Mwanawe mkubwa, Seth, alikwenda Mererani kuchimba madini. Baadaye akaja mtu na lori, mtu asiyemjua kabisa, akasema shimo lilititia na Seth alikuwa ndani. Akatoa koti. Loisi alilijua koti lile, kiraka cha kiwikoni alikishona mwenyewe. Mwili haukuwapo, basi wakalizika koti nyuma ya zizi, wakakaa matanga, mama akanyoa nywele.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, Luka alikuwa amewasha jenereta mchana. Picha ilikuwa inakuja na kuondoka, chenga tupu. Mwalimu Evelina, jirani yao, alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri taarifa ya habari ya saa saba. Loisi akaingia na bakuli la mlenda kwa ajili ya chakula cha mwanawe, hana habari na televisheni. Chenga zikakatika. Pakatokea watu wamesimama kwenye lundo la mchanga wa mgodi, mmoja ameshika kurunzi, anacheka na mtu wa pembeni.

Loisi akasimama. Bakuli analo mkononi.

"Seth," akasema, "mbona umekonda hivyo?"

Alisema vile kama mtu anayemsalimia aliyeingia mlangoni. Halafu chenga zikarudi, na ndipo akili ilipomfikia. Mlenda ukammwagikia miguuni, wa moto, wala hakuusikia.

"Mrudishe! Luka, mrudishe!"

"Mama, nani?"

"Ndugu yako! Alikuwa hapo! Rudisha, kama zile kanda za video za mjini!"

"Hii hairudi, mama, hii si kanda, inatoka huko juu." Luka mwenyewe alikuwa ameinama akipuliza waya, hakuona kitu. Akamgeukia Evelina. Mwalimu alikuwa ameshika mdomo.

"Mimi Seth sikumfahamu," akasema polepole. "Lakini huyo kijana anafanana nawe, Luka. Anafanana mno."

Luka akapanda ngazi mbio kuliangalia dishi. Dakika haikupita wakasikia anapiga kelele huko juu.

"Mama! Nani kaweka karanga kwenye dishi?"

Loisi akatoka nje, akatazama juu. Karanga alizong'oa jana, na udongo wake, karibu debe zima. Tangu aolewe kila kitu chake kilianikwa juu ya tembe: mlenda, uwele, maboga. Asubuhi aliona lile bati limekaa wazi kama ungo, kuku hawalifikii, jua linalipiga vizuri. Uzito ukalilaza upande.

"Mimi," akasema. Kisha akaketi chini pale pale kwenye vumbi. "Mimi ndiye niliyemfunika mwanangu kwa karanga."

Evelina akamwinua, akamwambia habari hizo zitarudiwa saa kumi na moja.

Saa hizo nne zilikuwa ndefu kuliko miaka sita. Na cha ajabu, wote waliokuwa wakimhubiria televisheni sasa walimgeuka. Luka akasema watu hufanana. Evelina akasema, kwa huruma, kwamba picha inaweza kuwa ya zamani, wanazihifadhi, hata mtu aliyekufa huonekana akicheka.

Bartolomayo alipofika akasema, "Shemeji, si wewe uliyesema mle hamna mtu?"

"Nilisema. Leo nyamaza."

Ilipokaribia saa kumi na moja nyumba ilijaa hadi mlangoni. Luka alikuwa juu akilisukuma dishi kidogo kidogo, Bartolomayo yuko mlangoni akipaza sauti: "Bado! Chenga! Rudi nyuma! Umepitiliza! Hapo! Hapo hapo, usipumue!"

Luka akateremka, akaingia akihema. Habari ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kisha mgodi. Mchanga. Kurunzi. Yule mtu akageuka kumcheka mwenzake, uso wote ukaonekana.

Luka akashika ukuta.

"Ni yeye," akasema. "Ni kaka." Halafu, kwa sauti iliyokatika, "Lakini ni lini, mama? Itakuwa ni picha ya mwaka ule alioondoka. Usijipe moyo, tafadhali."

Loisi alikuwa amesogea hadi pua inakaribia kugusa kioo. Mgodi ulishaondoka, sasa palikuwa na mpira wa miguu.

"Ana mvi," akasema.

"Nini?"

"Juu ya sikio la kushoto. Kama baba yenu, zilianzia pale pale. Seth aliondoka hapa nimemnyoa kwa mikono yangu, hana hata unywele mmoja mweupe." Akawageukia. "Mwalimu, wewe umesoma. Mtu aliyekufa anaota mvi?"

Bartolomayo akavua kofia.

"Luka, kesho utanipeleka Mererani. Sasa hivi kalete jembe."

"Jembe la nini, mama?"

"Tulitoe lile koti."

"Litakuwa limeoza, shemeji," Bartolomayo akasema kwa upole.

"Na lioze," Loisi akasema, tayari yuko mlangoni, watu wanampisha. "Lakini halilali pale hata usiku mmoja zaidi."