Kaburi la Figo la Babu Pazi

Kijijini kwetu Kinjumbi kuna kaburi fupi kuliko mkono wako. Si la mtoto mchanga, usije ukaomba dua ya mtoto.

Ni la figo la babu yangu mzaa mama, Pazi. Lilizikwa mwenyewe akiwa hai, tena amesimama pembeni analalamika kwamba sanda ni ndogo.

Nyie, msicheke kwanza.

Enzi hizo anatawala Mwingereza. Babu akaanza kukojoa damu. Pwani yetu ukikojoa damu unaambiwa kichocho, basi. Akachomwa sindano za kichocho mpaka matako yakafa ganzi. Damu haikukoma. Akakonda, ubavuni kukaota uvimbe mgumu.

Bibi yangu, Kazija, akamburuta hadi hospitali Lindi mjini. Daktari Mzungu akampiga picha, akamwita dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, Benedikto, aje atafsiri.

"Mzee, figo lako la kulia lina kansa. Tena ile kali, haina subira."

"Nipe dawa."

"Dawa ya kunywa hakuna. Tiba ni kulikata litoke. Usipokatwa, msimu ujao wa korosho huuoni."

"Nikikatwa?"

Benedikto akamsikiliza Mzungu, akatafsiri. "Unaweza kupona kabisa. Unaweza pia kupata miaka michache tu, kisha ugonjwa ukaibukia mapafuni. Anasema ajuaye ni Mungu."

"Huyo ajuaye ndiye aliyenipa mawili. Nikimrudia na moja nitamwambia nini?"

Akavaa kofia yake, akarudi nyumbani. Bibi alilia njia nzima.

Masheikh wakamsihi. Wanawe wakampigia magoti. Wapi! Mzee haambiliki.

Kisha akaja Tawakali, mtani wake. Koo zao zilitaniana tangu zamani. Kwa wasiojua: kwetu mtani akishika kitu chako akasema changu, kimekwenda. Kuku, kofia, hata samaki aliye sahanini. Ukinuna, umeuaibisha ukoo mzima.

Tawakali akamkuta Babu barazani, watu wamejaa. Hakusalimia. Akampapasa ubavu wa kulia.

"Hili figo nimelichukua."

"Una wazimu?"

"Langu hili. La kushoto nakuachia, sina uroho."

Barazani kukalipuka kicheko. Babu kakodoa macho.

"Umenuna, mtani?"

"Sijanuna!"

"Basi twende Lindi nikachukue changu."

Babu akatazama huku na huku. Hakuna wa kumtetea. Kanasa.

Wakapanda lori yeye, Bibi na Tawakali. Kila shimo Tawakali anamfokea dereva: "Taratibu bwana, nimebeba mali!"

Babu akakatwa. Daktari akataka kuliweka figo kwenye chupa, alichunguze. Tawakali akakaa mlangoni, hatoki mtu.

"Mwambie Mzungu wako mali yangu siiachi."

Benedikto akatafsiri, jasho linamtoka. Mzungu akakuna kichwa, mwisho akalikabidhi likiwa ndani ya mkebe wa biskuti, limetiwa dawa lisioze.

Babu alipopata nafuu wakarudi nalo. Mwalimu wa madrasa akasema kiungo huzikwa, ila hakiswaliwi. Sawa. Sasa mfiwa nani?

Tawakali akajikalia jamvini kupokea pole, maana mali ni yake. Waliompita Babu wakamwambia, "Pole, marehemu." Bibi akauliza kwa sauti kama akae eda. Mwalimu akageukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Babu alikula wali wa matanga ya figo lake, akaongeza na sahani ya pili.

Msimu ule aliokota korosho, na mingine kadhaa. Mama yangu alizaliwa humo katikati. Bila mzaha ule nisingekuwepo kuwasimulia.

Halafu kikaja kikohozi chenye damu. Mapafu, kama daktari alivyohofia. Safari hii hapakuwa na cha kukata. Babu alifariki asubuhi, Tawakali kamshika mkono.

Mazikoni kazi ya mtani ni kuchekesha. Tawakali alitakiwa alale mlangoni, azuie jeneza mpaka apewe kitu. Akalala kweli. Ila hakuinuka. Alikuwa analia kwa kwikwi.

Mtani halii! Watani wenzake wakapaza sauti: "Faini! Faini!"

Ndipo Bibi akatoka ndani, kamkamata jogoo mguu.

"Faini yake nalipa mimi. Ni mimi niliyemtuma achukue lile figo. Nilimwendea kwao, nikamwomba kwa machozi."

Akawakabidhi watani jogoo.

"Ningesema mimi, mume wangu angeninunia."

Jeneza likapita, watu wanalia na kucheka kwa pamoja.

Jamani, ukiona damu kwenye mkojo, usijitibu kwa kukisia, wahi ukapimwe. Na mgonjwa wako akikataa tiba, usimhubirie mpaka ukauke koo. Mtafute mtu ambaye mgonjwa hawezi kumnunia, umtume.