Nyasi Zisizokauka

Baba alipulizia dawa uwanja wetu Jumatatu asubuhi, na kufikia saa nane mchana mvua ilikuwa inanyesha. Huko kwetu Kimulot, upande wa karibu na msitu wa Mau, mvua ya saa nane haipigi hodi. Baba aliijua mvua hiyo tangu azaliwe. Hata hivyo alipulizia.

Sababu ilikuwa dada yangu mkubwa. Wageni wa posa walikuwa waje Jumamosi ya wiki iliyofuata, nao wangekalishwa nje, kwenye nyasi mbele ya nyumba. Nyasi zenyewe zilikuwa zimevamiwa na lile gugu la majani matatu, chachu, ambalo tulilitafuna tukiwa wadogo. Ukiling'oa, vitunguu vyake vidogo vya mizizini hubaki udongoni na kukucheka. Mama alisema tulichimbe pole pole. Baba akasema yeye hana umri wa kuchimba, akachukua dawa iliyobaki ya magugu ya chai, akavaa pampu mgongoni. Alitaka wageni wakute nyasi kama za meneja wa estate ya chai.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na sijawahi kuwa mtu wa kungoja. Nilizunguka lile boma mpaka mama akaniambia nitatoboa ardhi.

Tatizo lilikuwa mbwa. Alikuwa jike la rangi ya majivu, na kila asubuhi alimtangulia mama kwenda kuchuma majani ya chai, kwa sababu shamba letu la chini lilipakana na msitu na nyati walitoka humo walipotaka. Mbwa akisimama na kuinua manyoya, mama naye husimama. Zamani tulikuwa na mbwa wawili. Yule mwingine alikufa mwaka uliotangulia, muda mfupi baada ya chai kupuliziwa, akitokwa na povu. Hakuna aliyejua hakika kama ilikuwa dawa. Baba alimzika peke yake nyuma ya zizi, na kwetu mbwa huwa hazikwi.

Kwa hiyo huyu aliyebaki alifungiwa katika kibanda cha ndama, na baba akaniita na ile chupa ya dawa.

"Lakwet, wewe mtoto, soma tena hapo."

Nikasoma: wanyama wasikanyage mahali palipopuliziwa mpaka dawa ikauke.

"Haisemi masaa?"

"Haisemi, baba."

"Basi tungoje ikauke."

Mama alikuwa mlangoni. "Mzee, hapa kwetu ni nini imewahi kukauka? Hata soksi zako ziko juu ya jiko tangu Ijumaa."

Baba aliinua macho kutazama mawingu. Alijua amekwama, nasi tukakwama naye. Asubuhi kulikuwa na umande, adhuhuri ukungu, mchana mvua. Nilikuwa nikitoka kila mara na karatasi ya daftari, naigandamiza juu ya nyasi, naiinua. Ilikuwa imelowa. Imelowa maji au imelowa sumu? Karatasi haikusema. Ndani ya kibanda mbwa alilia na kukwaruza mlango, na kila mkwaruzo niliusikia kwenye meno. Mama alikataa kata kata kushuka shambani bila yeye. Majani yakaanza kukomaa kwenye miti. Alisema subira huvuta heri, lakini alisema akiwa anafagia mahali alipokwisha kufagia.

Nikajaribu kumfunga mbwa mifuko ya nailoni miguuni. Aliirarua yote kabla sijamaliza, akanilamba uso.

Asubuhi iliyofuata baba alivaa gambuti, akatazama barabara kushoto na kulia, akaingia kibandani. Akatoka na mbwa mikononi. Ninyi hamkumjua baba yangu. Kwa wanaume wa rika lake mbwa ni wa nje, na akikukaribia humsukuma kwa mguu. Sasa alimkumbatia kama mwana-kondoo, miguu minne ikining'inia, wote wawili wakitazama pembeni kwa aibu.

"Usiongee," aliniambia.

Alivuka uwanja, akamweka chini ng'ambo ya lango, mama akapita kando ya ua na kikapu chake, wakashuka. Kisha baba akasugua gambuti kwa sabuni. Jioni alimvusha tena kurudi. Nilimpenda baba siku ile mpaka nikakasirika, sijui kwa nini.

Ikawa hivyo kila siku. Kulipotokea jua la asubuhi nzima nilimwambia, "Baba, leo imekauka." Akanitazama vibaya. "Wewe uliona ile ingine ikikufa?" Nikaikunja karatasi yangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Uwanja nao ukatuadhibu. Dawa ya chai haichagui. Nyasi zetu nzuri zikawa manjano kama tumbaku, na katikati yake lile gugu la majani matatu likachipua upya, kijani, na afya tele.

Wageni walitoka upande wa Ndanai na wakafika mapema. Walimkuta baba katikati ya uwanja, amevaa koti la Jumapili na gambuti, amebeba mbwa.

Mzee wao akasimama. "Huyo mbwa ni mgonjwa?"

"Hapana," baba akasema. "Nyasi ndio mgonjwa."

Mgeni akatazama ule umanjano, akatazama mbwa. "Sasa kama mbwa inabebwa hivi, huyu msichana sisi tutabeba aje?"

Nyuma ya pazia dada yangu, ambaye hakuwa amelala vizuri kwa hofu, alicheka kwa sauti. Tuliwakalisha upande wa zizi, tukawapa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, na maneno yakaenda vizuri.

Baadaye tulichimba uwanja wote kwa jembe, kama mama alivyosema tangu mwanzo. Tuliokota vitunguu vya gugu kwa ndoo na kuvichoma, katikati ya mawe ya njia, lilikoota pia, tukamwaga maji yanayochemka, kisha tukapanda nyasi kutoka mtoni. Dawa haikuingia tena uwanjani, lakini baba aliendelea kumfungia mbwa na kumbeba mpaka aone pamekauka.

Kiangazi kilipofika, baba alifungua kibanda na kumwacha mbwa atembee. Mbwa akaenda mpaka ukingo wa nyasi, akaketi, akageuza kichwa kumtazama.

"Hiyo mbwa umeharibu wewe mwenyewe," mama akasema.

Baba akatazama barabara, kushoto na kulia. "Kuja hapa, mvivu wewe." Akainama, akambeba. Nilisikia nyasi zikivunjika chini ya gambuti zake, kavu kabisa.