Maiki Iliyobonyea

Mimi ndiye niliyempasua mdogo wangu juu ya jicho. Kwa miaka sita nimesema alianguka kwenye bodaboda, na nimesema vizuri, kwa ufasaha wa mtu aliyesomea kuandika. Hakuanguka. Nilimpiga na maiki.

Ugomvi wenyewe ulitokana na amplifaya. Kinanda cha mdomo nilijifunza chuo kikuu, kwa mhadhiri mgeni aliyekuwa akitembea nacho kwenye mfuko wa shati kama kalamu. Wakati wa mapumziko alipiga bluzi. Wenzangu walikwenda kunywa chai, mimi nikabaki. Nina shahada mbili, na kitu pekee nilichotoka nacho chuoni kikiwa kizima ni ile sauti: nene, yenye mikwaruzo, kama mtu anayelia huku amekunja ngumi.

Kinanda peke yake hakitoi sauti hiyo. Unakifumba ndani ya viganja pamoja na maiki, unausukuma mlio kwenye amplifaya ndogo isiyo na nguvu ya kutosha, nayo ikizidiwa inaanza kukwaruza. Mkwaruzo huo ndio tunaoutafuta. Amplifaya kubwa haizidiwi, kwa hiyo haifai.

Yangu ina ukubwa wa kreti ya soda. Fundi redio mmoja wa Kabasa, pale Bunda, aliitengeneza kutoka kwenye redio ya zamani ya mbao, ile yenye taa za kioo ndani ambazo husubiriwa zipate moto ndipo redio iongee. Maiki ilikuwa ya chuma, ya kutangazia, umbo la taa ya baiskeli. Ilikuwa nzito, mkono ulichoka kabla ya wimbo kuisha.

Siku niliyoichukua kwa fundi nilipitia kwa mdogo wangu, hapo hapo Kabasa. Yeye anauza dagaa. Mimi naishi Musoma, humnunulia dagaa mwaloni Mwigobero na kumpelekea. Alikuwa sakafuni anachambua. Nikachomeka amplifaya, nikazungusha kila nobu ya sauti mpaka mwisho, nikapuliza kwa nguvu zote. Ikapiga ukelele uliowatoa kuku wa jirani uani.

"Dada, hiyo ni nini?"

"Bluzi."

"Hiyo ni ng'ombe amekwama kwenye tope. Punguza."

"Huelewi muziki."

"Naelewa masikio yangu. Hata kwaya ulikuwaga unasumbua hivi hivi, mpaka mwalimu akakwambia uwe unafungua mdomo tu, usitoe sauti."

Lilikuwa jambo la kweli, na alilisema huku anacheka. Kisha akanyoosha mkono akachomoa waya ukutani. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka uzito wa ile maiki ukienda mbele ya mkono wangu, na mlio wa chuma juu ya mfupa, mfupi na mkavu. Damu ikamwagikia dagaa. Naye hakulia, kwetu hatukulelewa hivyo. Baba alitupiga wote, kwa haki kabisa, wa kike na wa kiume, na tulijua kurudisha kabla ya kujua kusoma. Mdogo wangu alinishika nywele akanigongesha ukutani mara mbili, akanipiga goti la tumbo, na angeendelea kama damu isingemziba jicho.

Tukakaa chini tunahema, watu wazima wawili, wake za watu.

Kwetu ndugu akimwaga damu ya ndugu yake, hawali sahani moja mpaka wazee wakae. Sisi ni Wakristo, na mama anasema mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini anayafuata. Jumapili iliyokuwa inakuja, mtoto wa mdogo wangu alikuwa na kipaimara, na ukoo mzima ulialikwa.

"Tutasema nini?" aliuliza, kitambaa usoni.

"Bodaboda," nilisema.

Akageuza kitambaa upande mkavu. "Bodaboda," alirudia.

Kaka zetu wanne wanaishi Butiama, Mwitongo. Mkubwa wao alipata habari, akanipigia simu tukiwa bado zahanati, mdogo wangu anashonwa.

"Yukoje huyo wa bodaboda?"

"Sikumwona vizuri, kaka."

"Msomi mzima hukuona kitu?"

Huo usomi ndio ulioniponza. Sikutaka kuonekana sikuona. Nikasema wa kijiwe cha Kabasa, amevaa koti la kijani. Kijani nilikitoa kwenye kochi la mdogo wangu, ambalo nilikuwa nimelitazama muda mrefu nikitafuta uongo.

Saa kumi akapiga tena. "Tayari. Huyo hatabeba dada ya mtu mwingine hivi karibuni." Sikuuliza. Mdogo wangu naye hakuuliza. Jumapili tukala pilau sahani moja, mbele ya mama.

Nyumbani Musoma nilichomeka ile maiki nikitegemea imekufa. Upande mmoja ilikuwa imebonyea, na ndani kitu kilikuwa kimepinda. Nikapuliza polepole, kwa uoga. Ikatoa sauti niliyokuwa naitafuta tangu chuo: nene, chini, bila ukelele, na mkwaruzo uliokuja wenyewe pale tu nilipobana viganja. Kwa kuwa ilikuwa dhaifu sasa, haikugombana na spika. Nilipiga mpaka midomo ikachubuka.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuulizwa. Kwenye sherehe Mwitongo, wageni walinizunguka wakitaka siri, nami nikatoa somo. Usiache upenyo kati ya vidole, hata wa sindano. Punguza sauti ya juu yote, acha ya chini. Usiipe maiki mgongo wala uso wa spika, simama ubavuni. Usipulize kwa mashavu. Vuta pumzi kutoka tumboni kama mtu anayekunywa kitu cha moto. Yote hayo ni kweli, na bado nayafundisha. Kaka mkubwa alikuwa pembeni anapiga makofi.

Mwaka huu ile maiki ilikatika sauti kabisa. Nikaipeleka Kabasa, nimeifunga kwenye kanga. Stendi nikapanda pikipiki ya kwanza.

"Taratibu, baba, nimebeba kitu."

"Usiogope, mama. Mimi siangushi mtu. Nilishapigwa kwa kumwangusha mtu ambaye sikumwangusha."

Sikuuliza, lakini yeye alikuwa ameshaanza. Meno ya mbele hakuwa nayo, maneno yalitoka na upepo. Watu wanne walimtoa kijiweni wakimwita muuaji. Walimpiga na fimbo, halafu na kofia yake mwenyewe ya pikipiki. Mguu ulikaa na plasta muda mrefu, mke akarudi kwao.

"Koti tu, mama. Walisema koti la kijani."

Tulipofika kwa fundi nilishuka nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio: maiki, dagaa, kochi, kaka zangu wanne. Fundi aliacha kuchomea waya.

"Kochi?" yule dereva aliuliza.

"La mdogo wangu. Lilikuwa kijani."

Akanizaba kofi. Moja, la kiganja kizima, nikaangukia kwenye redio za watu. Fundi akarukia mkono wake. Nami nikiwa chini, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba mdomo utavimba na sitapiga kinanda wiki nzima. Ndivyo nilivyo.

"Mwache, fundi," nilisema.

Dereva akajinasua. Akachomoa ufunguo wa pikipiki, akakaa kwenye benchi. "Piga simu," alisema. "Hao wanne. Piga sasa hivi nisikie."

Nikampigia kaka mkubwa, nikaiweka simu kwenye spika.

"Kaka, yule wa koti la kijani hakumwangusha mtu. Mimi ndiye niliyempiga mdogo wetu."

Kwa mbali nilisikia mtu anapasua kuni.

"Tulijua hakuwa yeye," alisema.

"Mlijua lini?"

"Pale pale. Alisema pikipiki yake iko kwa fundi tangu asubuhi, gurudumu limetolewa. Mmoja wetu akaenda akaiona."

"Na mkaendelea?"

"Tulikuwa wanne, dada. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha."

Dereva alikuwa anaitazama simu, ufunguo mkononi.

"Njooni Kabasa," nilisema. "Leo. Wote wanne, mimi nipo. Mdogo wetu nitamwita."

"Yupo huyo mtu?"

"Yupo."

"Mwambie atusubiri. Ila usimwambie ni sisi, atakimbia."

"Anakusikia, kaka. Amekaa hapa."

Kuni zikanyamaza. Kaka akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Nipe niongee naye."

Nikampa simu.