Mkono wa Evodius Kiunoni

Evodius alikaa na bastola kiunoni miaka yote aliyosindikiza wanunuzi wa dhahabu kule Geita, na hakumtoboa mtu hata mmoja. Bastola ya kibali, siyo ya uchochoroni. Ukimwomba akuhadithie, hakupi stori za kufyatua, anakupa za kujizuia. Ukibeba chuma hunywi. Ukibeba chuma mtu akamtukana mama yako, unasema samahani unaondoka, maana ukigombana na wewe una chuma, basi ugomvi wenyewe una chuma. Huionyeshi baa, huionyeshi kwa demu. Ukiitoa, uwe umeshaona kifo usoni na njia nyingine hakuna.

Siku moja vijana wa mapanga waliwazibia barabara. Evodius akashuka kwenye gari, akapeleka mkono kiunoni, akauacha pale. Hakutoa kitu. Jamaa wakapisha. Geita kila mtu anaujua huo mkono.

London aliingia tisini na nane, wenyewe wameshapiga marufuku bastola mpaka kwa raia mwema. Hakulalamika. "Kama hakuna mwenye nayo, na mimi siihitaji," alisema. Akapata kazi ya kusimama mlangoni kwenye duka la simu pale sokoni Walthamstow, la Hemant, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, Kiswahili kinamtoka kuliko mimi. Jirani yao alikuwa Solomon, kinyozi, Mkenya wa Nakuru, na huyo kazi yake nyingine ilikuwa kumchokoza Evodius.

"Askari bila bunduki ni kinyozi bila mashine," anamwambia.

"Kinyozi bila mashine hajamuumiza mtu."

"Na wewe umemuumiza nani? Wewe ni mwoga tu, Evo. Mwili wa bure."

"Mwoga ndiye wa kupewa bastola. Jasiri kama wewe unyimwe hata wembe."

Tunacheka. Walikuwa wanapendana, usione vile.

Jumamosi moja, elfu mbili na mbili, soko limejaa, nilikuwa ndani nanunua kadi ya kupigia nyumbani. Solomon alikuwa ameegemea kabati la kioo karibu na mlango, anamsumbua Hemant. Mara akaingia dogo, skafu mpaka kwenye macho, mkononi bastola. Bastola kweli.

"Fungua droo!" akamfokea Hemant kwa Kiingereza.

Hemant akaanza kufungua. Ingeishia hapo. Dogo angebeba alichokuta, angetimua.

Lakini Evodius pale mlangoni, mkono wake wa kulia ulishuka wenyewe. Ukapandisha koti, ukakaa kiunoni. Palepale pa Geita. Kiunoni hamna kitu, mkanda tu, lakini dogo atajuaje? Geita ukiona mkono ule unajua huyu ana kibali na ana akili, unapisha. London raia mwema hana cha kushika kiunoni. Mwenye nacho ni jambazi mwenzako, na jambazi mwenzako unamuwahi.

Dogo akageuka, akauona mkono, akafyatua. Risasi ilimkosa Evodius, ikamkuta Solomon pajani. Nilisikia mfupa. Solomon akaanguka na kabati la kioo, damu ikaruka mpaka kwenye simu za maonyesho.

Evodius alimfikia dogo kabla hajageuza mkono. Akamvunja kifundo cha mkono, kah, kama kijiti. Akampiga kichwa usoni, meno mawili yakadondoka sakafuni. Dogo akalala chali, na bastola sasa iko mkononi kwa Evodius.

"Mmalize!" Solomon akapiga kelele kutoka chini, kashika paja kwa mikono miwili, damu inapita kwenye vidole. "Evo, mmalize mbwa huyo!"

"Piga bwana, piga!" Hemant naye chini ya kaunta.

Mdomo wa bastola ulikuwa unaangalia paji la uso la dogo. Skafu imeshuka, kumbe mtoto wa watu, hajaota hata ndevu, anaomba asiuawe huku anatema damu. Nikaangalia kidole cha Evodius. Kilikuwa kimelala ubavuni mwa bastola, hakijagusa pa kufyatulia. Uso wake ulikuwa umejaa mauaji, nakwambia ukweli. Kidole peke yake ndicho kilichokuwa na akili.

Akachomoa magazini ya risasi. Akaitoa risasi ya mwisho iliyobaki ndani. Akaiweka bastola tupu juu ya kaunta, akapiga magoti kwa Solomon, akaanza kumfunga paja kwa mkanda wake.

Hapo ndipo dogo alipochomoa kisu kwenye soksi kwa mkono mzima, akamchoma mgongoni. Akachomoa, akachoma tena. Evodius alinguruma, akajigeuza, akampiga ngumi moja, ya pili, ya tatu, mpaka dogo akazima. Kisha akarudi kuukaza ule mkanda, damu yake inamchuruzikia Solomon. Polisi wa bunduki walipoingia walimwangusha yeye kwanza.

Wakaja kumwachia. Solomon walimkata mguu.

Tulikwenda kumwona hospitali, Evodius mwenyewe anatembea ameinama.

"Ungempiga," Solomon akasema, hata salamu hakuna.

"Hakuwa na kitu mkononi, Solo."

"Alikuwa na kisu!"

"Sikukiona. Nilichokiona ni mtoto yuko chini." Akavuta kiti, akashindwa kukaa. "Ila risasi yako ni yangu. Ningetulia mkono, angechukua za Hemant angeenda zake. Nimekuja kukwambia hilo."

Nilidhani Solomon atamtania.

"Kwa hiyo hii ngoma uliianza wewe," akasema. "Ukaianza, halafu wema ukakuingia wakati mguu ni wangu."

Solomon akavuta shuka mpaka kidevuni, akageukia dirishani, akamwita nesi aje atutoe.