Nywele Nilizotumwa Kutupa

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa dukani na kusahau njiani nilichotumwa, nywele ya mtu haikuwa takataka. Siku hizi hapa Goba nawaona wajukuu zangu wakifumuana misuko barazani, upepo unabeba nywele mpaka kwa jirani, na hakuna anayeshughulika. Mie moyo bado unanishtuka. Juzi Rehema, mjukuu wangu wa mwisho, kaniletea mdoli wake aliyenyonyoka, anataka nimtengenezee wigi la nyuzi za sufi. Nikamtengenezea. Akaniuliza, bibi, nani alikufundisha? Nikamrudishia mdoli wake nikamwambia akacheze.

Tulikaa Chang'ombe, kwenye nyumba aliyoiacha babu. Wenye nyumba walikuwa baba na dada yake, shangazi Zuhura, na vyumba vya uani walipangisha. Chumba cha mwisho alikaa Mama Getruda, mtu wa bara, mjane, pamoja na binti yake Getruda niliyelingana naye umri. Mama Getruda alikuwa msusi. Nywele za uzi alizosuka yeye zilikaa wiki mbili bila kulegea, na mama yangu hakumpa kichwa chake mtu mwingine.

Kulikuwa na utaratibu. Msusi akimaliza, anakusanya nywele zilizonasa kwenye chanuo, anaziviringa donge, anamkabidhi mwenyewe. Mwenyewe ndiye anayezitupa kwenye shimo la choo, kwa mkono wake au wa mwanawe. Zikiachwa nje, ndege atajengea kiota na mwenye nywele atashikwa na kipandauso, kichwa kimuume upande mmoja mpaka asitamani mwanga. Zikichomwa moto, atarukwa na akili. Na zikiangukia mikononi mwa mtu, hapo shangazi alikuwa hamalizii. Alibana midomo tu, na sie watoto tukamalizia wenyewe vichwani mwetu.

Nilikuwa na mtoto wa bandia niliyeshonewa kwa vipande vya khanga, kajazwa usufi, kichwa kama yai. Wa Getruda alikuwa na nywele za ndevu za mahindi, lakini zilikauka zikapukutika, naye akanicheka hata hivyo kwamba wake aliwahi kuwa na nywele na wangu kazaliwa na upara. Basi nikawa na shauku moja tu, wigi, tena la nywele za kweli, kama nililoliona kwa mama mmoja wa ofisini aliyekuwa akipita barabara ya viwandani.

Siku hiyo mama alisukwa mchana, baada ya chakula. Walipomaliza, Mama Getruda akanipa donge akasema, "Mwanaidi, kazitupe chooni nywele za mama yako." Nikaenda. Nikasimama humo ndani kiasi cha mtu kutupa kitu, nikatoka nalo kwenye pindo la gauni. Nikasema nimetupa, kabla hata sijaulizwa.

Lile wigi nililishona siku tatu, nyuma ya banda la kuku. Nilikata kisigino cha soksi kuukuu ya baba, kikawa kofia. Nywele za kwenye chanuo hazinyooki, zinajikunja zenyewe kama zimekasirika, kwa hiyo nilizipaka mafuta ya nazi kidogo kidogo, nikazisokota kati ya viganja mpaka zikawa kamba nyembamba, kisha nikashona kamba moja moja na kuipiga fundo. Hakuna aliyenifundisha. Nilipomvisha mtoto wangu nikaona kweli nimezaa.

Siku ya nne mama akaamka na kipandauso.

Alilala chumbani, dirisha limefungwa, khanga imebana kichwa. Alikuwa na mimba changa, ila hilo sie watoto hatukuambiwa. Shangazi alizunguka nyumba nzima akitazama juu kwenye makuti na upande wa mwembe wa jirani, akitafuta kiota. Mie nilijua hakuna kiota. Nikakimbilia nyuma ya banda nikitaka kufumua, lakini nilikuwa nimepiga mafundo ya kweli. Na hapo ndipo akili yangu ilipovurugika. Chooni siwezi kutupa, kwa sababu kitu kilichofungwa kikizama na mafundo yake nani atayafungua tena? Moto siwezi, mama atarukwa na akili. Nilikaa na lile wigi mapajani nikiamini kwamba nimemshona mama yangu.

Jioni shangazi akaniita mbele ya baba. Akamwuliza mama kwanza, "Wifi, nywele za siku ile alitupa nani?"

Mama akasema ni Mwanaidi.

"Ulitupa zote?"

Nilikuwa nikiogopa fimbo, na nilikuwa nikiogopa kusema uongo mkubwa. Nikachagua uongo niliouona mdogo. "Nilitupa zote nilizopewa."

Shangazi akamgeukia baba taratibu. "Umesikia, kaka. Zote alizopewa. Sasa tuulizane zile ambazo hakupewa."

Sikukusudia hivyo. Wallahi sikukusudia. Neno lilitoka mdomoni mwangu likiwa limesimama upande mmoja, shangazi akaliokota likiwa limelala upande mwingine. Mama alijaribu kusema kwamba Mama Getruda hana neno, lakini kichwa kilikuwa kinamuuma na sauti haikufika mbali. Baba hakupenda ugomvi. Kesho yake akamwita Mama Getruda akamwambia chumba kinahitajika kwa ajili ya mgeni, na Ijumaa kiwe wazi. Hakumtajia nywele. Hakukuwa na haja, uani kote walishaacha kumpelekea vichwa.

Alhamisi baada ya alasiri nilienda mlangoni kwake na mtoto wangu chini ya gauni. Getruda alikuwa bombani. Nikatoa shikamoo, nikamwonyesha, nikamweleza yote huku kamasi zinanitoka. Nilisema nakwenda kwa baba sasa hivi, nikaseme ni mie.

Hakukasirika. Alichukua lile wigi akalivuta kamba moja kwa kucha, akaipapasa, akainusa. Kisha akakaa chini juu ya mzigo wake.

"Hizi si za mama yako," akasema. "Mama yako anapaka hina, zake ni laini. Hizi ni zangu. Nilijichanua kabla sijamsuka, madonge yakawa mawili mkekani. Basi lake ndilo nililotupa mie, nikidhani langu."

Nilifurahi, mpaka nikaona aibu. Nikamwambia basi twende tukawaambie, nywele za mama zipo chooni siku zote, hazina neno.

Alinifuta kamasi kwa kiganja. "Niende nikawaambie nini, mwanangu? Kwamba nilizishika nywele zake kwa mkono wangu, nikaenda nazo peke yangu bila mtu kuniona? Ndilo wanalolisema hilo hilo. Na wewe ukienda, watasema nimekufundisha. Usiseme."

Kisha akaligeuza wigi akatazama ushonaji wangu. Akaniambia pa kisogoni nimebana mno, kichwa kinahitaji kupumua, mstari wa kati niuanzie usawa wa pua nikipanda juu. Alinieleza kama anavyomweleza mtu mzima wa kazi moja naye. Alipomaliza akalifunga kwenye pindo la khanga yake. Ijumaa wakaondoka, na Getruda hakuniaga.

Mama alipona wiki ile ile. Shangazi akasema mmeona. Mimba iliyofuata kipandauso kikarudi vilevile, shangazi akasema hayo ni mabaki. Mpaka leo sijui nishike lipi. Nikisema imani ile ni upuuzi, nakumbuka kwamba nywele nilizozifunga mafundo zilikuwa za Mama Getruda, na ubaya ulimfikia Mama Getruda, si mwingine. Nikisema ni kweli, nakumbuka kwamba ubaya wenyewe haukupita kwenye nywele. Ulipita mdomoni mwangu. Naligeuza hivi, naligeuza vile, halikai.

Mama kafa bila kujua. Shangazi vilevile. Watu niliowahi kuwasimulia wamenifariji kwamba nilikuwa mtoto, na kwamba mtu mzima ndiye aliyenikataza. Ni kweli alinikataza. Nami nilikuwa mtoto mbishi, wa kuambiwa jambo mara tatu na kuchapwa mara ya nne. Lakini siku ile aliniambia mara moja tu, usiseme, na katika maisha yangu yote sijapata kumtii mtu upesi namna ile.