Karatasi Ambayo Sikuigeuza

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka natamani ifutike, na leo umenirudisha pale pale kwa kuniletea hayo makaratasi. Umeyabwaga mezani ukasema, "Mama, hizi ni fasta tu, hadithi za watoto za kusahihisha, kesho nishamaliza." Kaa kwanza, chai ipo, na mimi mstaafu sina pa kukimbilia.

Nilikuwa nafundisha Kibondo mjini, miaka ile kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena na Warundi wakawa wanaingia kila siku. Shirika moja likaanzisha shindano la hadithi za kubuni, za mambo ya ajabu ajabu, kwa watoto wa kambini na wa shule za jirani kwa pamoja. Kila mtoto alipewa picha moja aitazame, kisha aandike kinachomjia, karatasi moja tu, mbele na nyuma. Hadithi tatu bora zingesomwa kwenye redio inayosikika Kigoma yote hii na ng'ambo ya mpaka, mpaka vijiji vya Burundi. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi. Mimi niliiona zawadi ya kitoto.

Majaji tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Bwana Salum, mwenye duka la madaftari pale sokoni, mtu wa Pangani kwa asili, Kiswahili chake kikitoka mdomoni kimepigwa pasi. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, nimesahihisha mitihani hadi nikawa naota alama. Nilijiona nimefika. Nilikuwa natazama mistari mitatu tu nakwambia mtoto huyu ni wa alama ngapi, na watu walikuwa wananisifu kwa hilo, nami nikazizoea hizo sifa.

Picha ilikuwa ya nyumba ya udongo yenye miguu, inatembea mlimani. Watoto wengi waliandika vituko: nyumba inacheza mpira, nyumba inakwenda kumshitaki mwenye nyumba. Tulicheka sana, Bwana Salum na mimi. Ndipo nikaifikia karatasi ya msichana mmoja wa shule ya Murungu, imeanza hivi: "Nyumba ilikaa siku tatu ikisubiri moshi wa jikoni. Siku ya nne ikajitwika mafiga yake, ikainuka kuwafuata watu wake." Mwanangu, nilisimama kutoka kwenye kiti. Nikaiweka pembeni, hii ni ya redioni.

Karatasi kama kumi mbele nikakuta ya Kaneza, msichana wa miaka kumi na mitatu wa kambini Nduta. Imeanza: "Nyumba ilikaa siku tatu ikisubiri moshi. Siku ya nne ikajitwika mafiga." Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, Kirundi kimeingia huku na huku, lakini maneno yalikuwa yale yale. Damu ikanipanda. Watoto wa Murungu na wa kambini walikuwa wanakutana kwenye soko la pamoja, kwa hiyo nikajua, au nilidhani najua, kilichotokea. Na aliyeiba ni nani? Sikujiuliza mara mbili. Mwenye Kiswahili safi ndiye mwenye mali, mwenye Kiswahili kibovu ndiye mwizi. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika juu kwa herufi kubwa: AMENAKILI.

Bwana Salum aliinyoosha shingo akasoma.

"Mwalimu, si tuwaulize watoto wenyewe kwanza?" akasema. "Nduta si mbali."

"Bwana Salum, wewe uza madaftari," nikamwambia. "Yaliyoandikwa ndani niachie mimi."

Alicheka kidogo, akaacha. Alikuwa mstaarabu, naye aliamini kwamba mwalimu ni mwalimu. Karatasi ya Kaneza ikaingia kwenye bahasha ya waliokosa, nami sikuwa nimesoma hata nusu ya upande wa mbele.

Matokeo yalibandikwa kwenye mbao za shule zote, na mbele ya jina la Kaneza likaandikwa neno lile lile langu. Nasikia alisimama pale mpaka wenzake wote wakaondoka. Hadithi ya yule wa Murungu ilisomwa redioni Jumamosi iliyofuata. Nami Jumapili nikapanda gari kwenda kwetu Kagerankanda kumwona mama yangu, najisikia mtu mkubwa.

Mama nilimkuta anapukuchua maharage uani. Hakuuliza habari za kazi.

"Jana nimesikia hadithi yetu redioni," akasema. "Huyo mtoto wa Murungu kasimuliwa na nani? Kaikata. Nyumba haikuishia mlimani. Ilifika mtoni, ikasimama, ikaanza kuwaita watu wake kwa majina, mmoja mmoja."

Nikamwambia mama, ile ni hadithi ya kubuni, mtoto kaitunga kwa kutazama picha.

"Oya," akasema mama. Hapana. "Mimi nilisimuliwa na mama yangu, naye na wa kwake. Waha wanaijua, Warundi wanaijua. Kila anayesimulia anaweka majina ya watu wake pale mtoni. Wewe mwenyewe nilikuwa nakusimulia."

Kisha, kwa upumbavu, nikamweleza habari za Kaneza, bado natafuta kujitetea. Nilimwambia jinsi nilivyomkamata. Mama aliacha maharage.

"Ulikuwa darasa la sita," akasema polepole. "Ulikuja hapa ukaniambia niache hadithi za Kiha, zinakuharibia Kiswahili. Nikaacha. Sikukukasirikia, mwana wanje, mwanangu, nilijua shule inataka hivyo. Lakini sikujua kama utakuja kumwita mtoto wa mtu mwizi kwa sababu bibi yake hakunyamaza kama mimi nilivyonyamaza."

Aliendelea na maharage yake, nami nikalia pale pale uani, mtu mzima na mkoba wangu wa ualimu. Nilikumbuka siku ile ya darasa la sita. Nilikumbuka hata sauti niliyoitumia. Lakini hadithi yenyewe, hebu fikiri, haikunijia hata kidogo. Nilikuwa nimejisahaulisha kweli kweli, kwa bidii, kama mtu anayesomea mtihani.

Jumatatu asubuhi nikafungua bahasha ofisini. Nikasoma karatasi ya Kaneza upande wa mbele wote, kisha nikaigeuza. Nitakusomea, maana ninayo mpaka leo, ipo ndani ya Biblia yangu, na nyogokuru kwao ni bibi: "Nyumba ikafika mtoni. Haikuweza kuvuka kwa sababu ya mafiga. Ikaanza kuita. Baba, haitiki. Mama, haitiki. Nyogokuru, yupo. Kaneza, yupo. Dezire, wewe kaka uliyepotea njiani na redio ya baba, sisi tuko Nduta, mimi na nyogokuru. Dezire, nyumba imechoka kuita, njoo."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi ya ajabu ya mtoto yule. Alikuwa anamtafuta kaka yake, na njia aliyoiona ni hiyo redio niliyoidharau mimi.

Niliomba kibali nikaenda Nduta siku mbili baadaye. Bwana Salum alinisindikiza, hakunisimanga hata kwa neno moja, na ukimya ule uliniumiza kuliko masimango. Kaneza aliletwa darasani, mwembamba, sare imemzidi, bibi yake nyuma yake. Nikamwomba radhi. Nikasema nimekosea, hakunakili, mimi ndiye niliyekosa kusoma.

"Ego, mwalimu," akaitikia. Ndiyo. Kisha akauliza, "Redio watasoma lini?"

Nilikuwa nimeshapita redioni asubuhi ile, nikaambiwa kipindi kimekwisha, shirika limeshafunga shughuli. Nilibembeleza mpaka wakakubali kusoma tangazo fupi mchana, jina la kaka yake na la kambi, kati ya matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea. Likasomwa mara moja. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyepiga simu.

Nilipomweleza kwamba watasoma tangazo, Kaneza alitikisa kichwa.

"Dezire matangazo hasikilizagi," akasema. "Anazima redio, anatunza betri. Anawashaga ya hadithi tu."

Bibi yake akamshika bega wakatoka. Nilirudi tena baada ya miezi michache na daftari jipya na kalamu. Nikaambiwa wamejiandikisha kurudi kwao, wameondoka na malori ya wiki iliyopita. Hapakuwa na anwani. Daftari lile nilimwachia mwalimu wao, na sijui nani aliandika ndani yake.

Na sasa nikwambie kinachoninyima raha mpaka leo, maana mengine yote pengine ningeyazoea. Hadithi ya nyumba ilisomwa. Ile ya Murungu, Jumamosi, kipindi cha hadithi. Kama Dezire alikuwa hai na betri zake zilikuwa nzima, aliisikia. Aliyasikia maneno ya bibi yake yanatoka redioni. Alikaa akisubiri nyumba ifike mtoni ianze kuita, akisubiri jina lake. Nyumba ikaishia mlimani, wakapiga muziki. Jina lake lilikuwa mezani kwangu, nyuma ya karatasi, na wino mwekundu juu yake.

Mwanangu, sina dawa ya jambo hili na sijidanganyi kwamba kukusimulia kunalirekebisha. Nakuomba haya tu. Usisome kwa haraka kitu ambacho mtoto amekiandika taratibu. Ukiona mawili yanafanana, usikimbilie kumtafuta mwizi. Nenda ukaulize nyumbani kwao, na kwanza kabisa uulize nyumbani kwenu. Usimpime mtu akili kwa Kiswahili chake, hasa sisi huku, ambao wengi Kiswahili tumekikuta shuleni. Na neno lile nililoliandika mimi, usiliandike kabla hujamtazama mwenye karatasi usoni.

Haya, vuta kiti, tuanze na ya juu. Mungu akupe macho yasiyochoka upande wa mbele, mwanangu, na mkono mwepesi wa kugeuza. Akulinde usije ukaitwa kwa jina ukiwa umeshazima redio. Na huyo Dezire, popote alipo, Mungu Yeye amwite kwa jina, maana mimi nilishindwa.