Kasereka wa Mangina na Sura Niliyoisoma Redioni

Kitabu changu kilikuwa kimebaki na sura moja tu nilipolazimika kupanda pikipiki kwenda Mangina, na nawaambia wazi, sikwenda kwa kupenda. Kwa miaka mitatu nimeandika riwaya ya Kasereka na mkewe, majambazi waliovamia malori kati ya Butembo na Beni enzi Zaire inaoza, mfuko mzima wa noti ukinunua kipande cha sabuni. Ni watu wa kweli, kila mzee hapa anawakumbuka. Nilikuwa nimesoma sura kadhaa redioni, hata ile ya kifo chake, na mchapishaji alikuwa ananisumbua kila siku. Ndipo mama mmoja muuza mchele akaja kwangu Vulamba, mtaa wa Butembo, na ujumbe wa koko yake wa Mangina, yaani bibi yake mzaa mama: "Anasema usimalize kitabu mbele ya kufika kwake. Kasereka alikuwa kaka yake." Dada yake yuko hai! Ningekataaje?

Asubuhi, Butembo. Dereva hata gia hajabadilisha, akaanza: Kasereka alikuwa mrefu, jicho moja bovu, alimpora babu yake. Kijijini Maboya tukasimama kunywa chai. Mwenye chai akasema hapana, alikuwa mufupi, tena mupole. Tulipofika Kabasha, mzee mmoja akaapa kwamba hakufa, ni mchungaji huko mbali. Jamani! Miaka mitatu nimevunjika mgongo mezani, kumbe kila mtu barabarani ana Kasereka wake.

Saa nne, kizuizi kabla ya Beni. Askari akafungua begi langu, akakuta ramani niliyochora ya mahali lori linapovamiwa.

"Oyo nini?"

"Riwaya, afande. Mimi ni mwalimu, naandika."

"Riwaya njo nini? Hapa umechora fasi ya kuficha bunduki!"

"Ni mambo ya zamani."

"Na lori hii?"

"Ya zamani pia!"

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akasoma kurasa nne amesimama, kidole kikifuata kila mstari, mimi jua linanichoma kichwani. Saa mbili nzima! Mwishowe akanirudishia. "Mwalimu, mwizi hawezi ficha bunduki mu migomba. Majani inakauka, donc bunduki inaonekana." Nilitamani kulia kwa hasira, lakini alisema kweli. Nikaandika pembeni.

Saa nane, Mangina. Koko Kavira alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Hakunipa hata nafasi ya kufuta vumbi.

"Karibu, mwana wangu. Soma pale anakufa."

Nikasoma. Ndio ukurasa ninaojivunia: watu wanamkamata Kasereka sokoni Beni, anapiga magoti, analia, anamtaja mkewe, mawe yanaanza. Nilisoma kwa sauti ya redioni kabisa. Koko akauliza:

"Kasereka njo mutoto wa ngapi?"

Nikacheka. "Koko, sisi wote Banande, jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Kasereka ni kijana wa tatu."

"Na Butembo na Beni, nyumba ngapi ziko na bijana batatu?"

Kicheko kikaniishia.

"Ule wa malori alikuwa mutoto ya batu bengine," akasema. "Alikimbia Uganda na muke yake. Wetu alikuwa fundi wa mbao. Alienda soko kununua misumari. Mutu moya akaita 'Kasereka!', akaitika. Njo ile tu. Kisha batu balisahau, mais weye umerudisha mu radio. Sasa ku masomo bajukuu yangu banaitwa batoto ya mwizi. Ulisemea mu radio, ufutie mu radio."

Nilijichukia. Mgeni angekosea, ningemsamehe. Lakini mimi! Mimi ni Kakule, wa nne kwetu. Darasani kwangu nina Kakule sita, na kila siku nawaita kwa majina ya baba zao nisiwachanganye. Swali ninalouliza darasani nisije nikamchapa mtoto kwa kosa la mwenzake, sikuliuliza hata mara moja kabla ya kumuua mtu kwenye karatasi.

"Alilia kweli, koko?"

"Hapana."

Akaniambia alichofanya.

Kesho yake, njia ya kurudi, dereva alianza tena hadithi ya jicho bovu. Nikamwomba anyamaze. Mchapishaji akapiga simu, nikamwambia sura ya mwisho haipo, na ile ya kifo naifuta. Akanifokea mpaka simu ikakatika. Jumapili nikarudi redioni, nikasema kwamba nilidanganya, nikasoma kifo upya kama koko alivyonieleza.

Hata sasa watu wananisimamisha njiani wakilalamika: jambazi alipotelea wapi? Sijui, na sina haja naye tena. Najua tu kwamba pale sokoni, kabla ya jiwe la kwanza, fundi mmoja aliwageukia watu na kuuliza, "Kasereka gani? Wa nani?" Hakuna aliyemjibu. Hata mimi, miaka mitatu, sikumjibu.